Jinsi ya kufanya darasa lako la mtandaoni lipatikane kirahisi na wanafunzi

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne aliyekwama kwenye linear programming Jumapili usiku hatafuti jina la kituo chako. Anaandika mada iliyomshinda, kidato alichopo, na pengine neno "mtihani". Mzazi wa Mbagala au Tegeta naye anaandika "tuisheni ya hesabu" au "mwalimu wa hesabu", kisha anafungua matokeo mawili matatu ya mwanzo. Walimu wengi wazuri wa Dar es Salaam hawaonekani hapo kwa sababu wametangaza jina lao badala ya kuandika kile kinachotafutwa, na darasa lote limefungiwa ndani ya grupu la WhatsApp na tangazo la picha. Ndani ya grupu Google haiingii kabisa, na maandishi yaliyo kwenye picha haiyategemei.

Kazi yote iliyoelezwa hapa inaweza kufanywa kwa simu janja na akaunti ya Gmail, ingawa kompyuta hurahisisha. Gharama inaweza kuwa sifuri ukiacha bando. Mfano tutakaoutumia ni darasa la Hesabu la Kidato cha Nne, lakini utaratibu ni uleule kwa Excel, Kiingereza cha watu wazima, ushonaji au maandalizi ya mitihani ya uhasibu ya NBAA.

Anza na maneno ya mwanafunzi

Fungua dirisha fiche (incognito) kwenye Chrome ili historia yako isivuruge matokeo. Andika "tuisheni ya" kisha usibonyeze chochote. Soma mapendekezo yanayojitokeza. Rudia kwa "hesabu form four", "kurisiti", "pre form one", na kila mada unayofundisha. Ukibonyeza kutafuta, shuka hadi chini ya ukurasa uone utafutaji unaohusiana. Fanya hivyohivyo YouTube, maana mapendekezo yake ni tofauti: kule watu huandika mada na swali, kwenye Google huandika pia mahali na bei.

Kisha rudi kwenye WhatsApp yako usome ujumbe wa kwanza wa kila mzazi aliyewahi kukuulizia. Hapo ndipo penye hazina kuliko zana yoyote. Nakili maneno yao yalivyo. Utakuta mzazi haandiki "mtahiniwa wa kujitegemea", anaandika "mwanangu anataka kurisiti". Haandiki "masomo ya ziada kwa njia ya kidijitali", anaandika "tuisheni ya online". Ukifikisha misemo 20 au 30 unatosheka.

Jambo moja la hapa kwetu linahitaji uangalifu. Sekondari inafundishwa kwa Kiingereza, lakini mwanafunzi anaelewa na kuuliza kwa Kiswahili. Kwa hiyo utafutaji wake huchanganya: jina la mada linabaki kama lilivyo kwenye kitabu, mengine yote ni Kiswahili. "Jinsi ya kusolve matrices", "maswali ya trigonometry form four na majibu". Darasa lililoandikwa Kiingereza kitupu linashindana na kurasa za India na Marekani zenye nguvu kubwa. Lililoandikwa Kiswahili kitupu, ambalo limetafsiri hata majina ya mada, halikutani na mwanafunzi kabisa. Acha jina la mada kama mtaala unavyoliita, eleza kwa Kiswahili, na utumie "Kidato cha Nne" na "form four" vyote viwili mahali tofauti ndani ya maandishi. Vivyo hivyo kwa "tuisheni" na "tuition". Makosa ya tahajia usiyaandike makusudi, maana mengi Google huyarekebisha yenyewe, na mzazi akiyaona kwa mwalimu anafunga ukurasa.

Google Trends itakuonyesha kama msemo mmoja unatafutwa kuliko mwingine Tanzania. Ikisema hakuna data ya kutosha, usiukatae msemo huo. Maana yake ni kwamba idadi ni ndogo kwa kipimo chake, na darasa la watu 30 halihitaji idadi kubwa.

Ukurasa mmoja kwa kila darasa

Hapa ndipo kazi nyingi ilipo, na ndipo wengi wanapokosea. Ukurasa mmoja unaosema "Tunafundisha masomo yote, Darasa la Kwanza hadi Kidato cha Sita" haushindi utafutaji wowote, kwa kuwa haujibu swali la mtu yeyote kikamilifu. Hesabu ya Kidato cha Nne iwe na ukurasa wake, Fizikia ya Kidato cha Sita wake, pre form one wake. Ukiwa na madarasa manne, una kurasa nne na ukurasa wa mbele unaoziunganisha.

Google Sites na Blogger ni bure na zinatosha kuanzia. Ukiwa na fedha kidogo, nunua jina lako la .co.tz kwa wakala wa majina ya tovuti, kwa sababu ukihama kutoka huduma moja kwenda nyingine anwani inabaki yako. Anwani ya ukurasa iwe fupi na isiwe na mwaka: /hesabu-kidato-cha-nne inaishi miaka yote, /hesabu-2025 inakulazimisha kuanza upya kila Januari na kupoteza sifa iliyojengeka.

Kichwa cha ukurasa kiwe na somo, kidato, na aina ya huduma, kwa mpangilio huo, kisizidi herufi 60 hivi kwa kuwa Google hukikata kikiwa kirefu. "Hesabu Kidato cha Nne mtandaoni: tuisheni ya jioni" ni herufi 50 pamoja na nafasi, na mtu anayekisoma kwenye kioo kidogo anaelewa kila kitu. "Karibu kwenye tovuti yetu" ni kichwa kilichopotea. Jina la kituo, kama lazima liwepo, likae mwisho.

Chini ya kichwa, aya ya kwanza ijibu maswali yote ambayo mzazi angeuliza kwa simu. Kwa mfano:

"Darasa la Hesabu kwa wanafunzi wa Kidato cha Nne na wanaorisiti. Tunakutana Google Meet kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 2:00 hadi 2:50 usiku (20:00 hadi 20:50), saa za Afrika Mashariki. Tunapitia mada zote za mtihani wa NECTA, kuanzia coordinate geometry hadi linear programming, tukieleza kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza kama mtihani unavyotaka. Ada ni Sh 25,000 kwa mwezi. Kipindi cha kwanza ni bure, na anayekosa kipindi anatumiwa rekodi."

Angalia saa. Dakika 50 hazikuchaguliwa ovyo: Google Meet ya bure hukata mkutano wa watu watatu au zaidi ikifika dakika 60, na Zoom ya bure hukata ikifika dakika 40. Tena, saa zetu na saa za simu hazifanani. Ukiandika "saa 2 usiku" kwenye ukurasa halafu mwaliko wa kalenda ukaonyesha 20:00, mwanafunzi mgeni anababaika, na aliye nje ya nchi anakosa kabisa. Andika "saa 2:00 usiku (20:00), saa za Afrika Mashariki" mahali pamoja, na daima taja "usiku" au "asubuhi".

Ada iandikwe. "Bei njoo inbox" inamfukuza mzazi anayelinganisha walimu watatu kwa wakati mmoja, na inakupotezea msemo muhimu, kwani wengi hutafuta wakiwa na neno "bei" au "ada". Andika pia njia ya kulipa, iwe lipa namba au benki. Na andika makadirio ya bando. Kipindi cha saa moja chenye kamera zote zimewashwa kinaweza kula zaidi ya nusu GB. Sauti na ubao wa maandishi pekee hutumia kidogo mno. Mzazi anayenunulia watoto wawili bando anastahili kujua hilo kabla ya kulipa ada, na ukurasa unaomwambia ukweli huo ndio anaoutuma kwa mwenzake.

Baada ya aya hiyo orodhesha mada kwa majina ya mtaala, kila moja na sentensi moja au mbili. Taja pia ni mtaala upi: mtaala ulioboreshwa ulianza kuingia madarasani mwaka 2024 ngazi kwa ngazi, kwa hiyo kwa miaka kadhaa kutakuwa na vidato vinavyosoma vitu tofauti, na mwanafunzi anataka uhakika. Weka angalau swali moja la mtihani uliopita ukiwa umelifanya hadi mwisho, kwa maandishi. Ukurasa wenye swali lililofanywa hupata wageni ambao tangazo tupu haliwapati.

Mwalimu ni nani? Andika elimu, somo, na uzoefu kwa ukweli. Matokeo ya wanafunzi yanavutia, lakini picha ya matokeo yenye jina la mtoto usiiweke bila idhini ya mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika, na zaidi ya sheria, ni heshima kwa mtoto.

Kuhusu mahali: darasa la mtandaoni halina mtaa, lakini wazazi wa Dar wanaamini zaidi mwalimu wanayejua yuko wapi. Sema mara moja kwamba mko Sinza, au Kimara, au popote mlipo. Usijaze orodha ya mitaa arobaini chini ya ukurasa ili kukamata kila utafutaji. Google inautambua mchezo huo na huushusha ukurasa.

Picha za simu zina MB tatu au nne kila moja, na zikipandishwa hivyo ukurasa unachelewa kufunguka kwa mtu mwenye mtandao hafifu, anaondoka. Punguza upana uwe pikseli 1,200 na uzito uwe chini ya KB 150. Jina la faili liwe hesabu-kidato-cha-nne.jpg, si IMG_2043.jpg, na jaza sehemu ya maelezo ya picha.

Iambie Google kwamba upo

Ukurasa mpya usiounganishwa na kurasa nyingine unaweza kukaa wiki nyingi bila kuonekana. Fungua Google Search Console, zana ya Google inayoonyesha jinsi tovuti yako inavyoonekana kwenye utafutaji, ongeza anwani yako, thibitisha umiliki, kisha wasilisha ramani ya tovuti (sitemap, yaani orodha ya kurasa zako) kama huduma unayotumia inayo. Blogger huitengeneza yenyewe, kwenye anwani yako ukiongeza /sitemap.xml. Bandika anwani ya kila ukurasa kwenye kisanduku cha ukaguzi kilicho juu na uombe iorodheshwe. Siku kadhaa baadaye tafuta kwenye Google neno site: likifuatwa na anwani yako bila nafasi. Ukurasa ukitokea, umeingia.

Usipotokea hata baada ya wiki tatu, sababu ya kawaida ni kitufe kimoja. Google Sites ina kisanduku, wakati wa kuchapisha, kinachoomba injini za utafutaji zisionyeshe tovuti. WordPress inacho chake kwenye mipangilio ya usomaji, na Blogger ina swichi ya namna hiyo kwenye faragha. Huenda aliyekutengenezea tovuti alizuia utafutaji wakati wa ujenzi akasahau kuuruhusu. Hakikisha pia ukurasa unafunguka kwenye simu ya mtu mwingine ambaye hajaingia kwenye akaunti yako.

Wengi huuliza kama wajiandikishe kwenye ramani za Google. Wasifu wa biashara wa Google ni kwa wanaokutana na wateja ana kwa ana. Kama unafundisha mtandaoni tu, hustahili, na ukidanganya anwani unaweza kufungiwa. Kama una chumba cha tuisheni Mabibo au unakwenda nyumbani kwa wanafunzi na mtandaoni ni nyongeza, jiandikishe bila kusita. Waombe wazazi waandike maoni wakitaja somo na kidato.

YouTube: somo moja, swali moja

Kwa darasa la mtandaoni hakuna kipeperushi kinachozidi video fupi inayomaliza tatizo moja. Usipandishe rekodi ya kipindi kizima cha dakika 50, ikate. "Linear programming form four: kupata faida kubwa zaidi hatua kwa hatua", dakika nane hadi kumi na mbili, inatafutika. "Kipindi cha 14" haitafutiki.

Mada ianze kwenye kichwa kwa kuwa simu hukata mwisho. Mstari wa kwanza wa maelezo uwe sentensi inayosema video inafundisha nini, wa pili uwe linki ya ukurasa wa darasa, si ya grupu. Video ikizidi dakika tano weka sura (chapters): andika nyakati kwenye maelezo, ya kwanza iwe 00:00, ziwe angalau tatu kwa mfuatano, na kila sehemu isipungue sekunde 10. Ukikosea hata sharti moja kati ya hayo, sura hazitokei. Picha ya jalada iwe pikseli 1,280 kwa 720, maneno manne au matano makubwa, na equation yenyewe ionekane. Ili uweze kuweka jalada lako mwenyewe, akaunti lazima ithibitishwe kwa namba ya simu.

Video fupi za wima (Shorts) zinafikia watu wengi, ila tangu Agosti 2023 linki kwenye maelezo na maoni yake hazibofyeki. Taja kwa sauti jina la kuandika kwenye utafutaji, au iunganishe na video ndefu.

Sauti ndiyo huharibu nyingi. Feni, bodaboda dirishani, mwangwi wa chumba kitupu. Maikrofoni ya waya ya kubana kwenye kola na pazia zito vinatosha.

WhatsApp, Instagram na karatasi ukutani

WhatsApp haimleti mtu asiyekujua, inampokea aliyekwisha kukuona. Kwa hiyo kila ukurasa uwe na kitufe chenye linki ya wa.me, ikifuatwa na 255 na tarakimu tisa za namba yako, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Sifuri hiyo ikibaki, linki haifanyi kazi, na hutajua kwa sababu aliyeshindwa hakupigii kukuambia. Ongeza ujumbe uliojazwa tayari: ?text=Naulizia%20Hesabu%20F4%20YT kwa linki ya YouTube, na herufi nyingine kwa ukurasa, Instagram na bango. Kila ujumbe utafika ukiwa na alama ya ulikotoka, na mwisho wa mwezi unahesabu tu.

Tumia WhatsApp Business, weka saa za kujibu, na weka kila darasa kwenye katalogi likiwa na bei. Unapotuma linki ya ukurasa kwenye stetasi au grupu la wazazi, hakikisha inatoka na picha na kichwa. Isipotoka, mara nyingi picha ya ukurasa ni nzito. Iwe pikseli 1,200 kwa 630 na chini ya KB 300.

Instagram hutafuta zaidi kwenye jina la akaunti na sehemu ya jina lenyewe, ile yenye maandishi yaliyokolezwa. Weka "Hesabu Sekondari | Tuisheni" pale, usiweke maneno ya hamasa. Tangu Julai 2025 posti za wazi za akaunti za kibiashara zinaweza kuonekana kwenye Google, hivyo andika maelezo kamili chini ya picha.

Bango la karatasi bado linafanya kazi Dar, hasa kwenye steshenari zinazotoa kopi karibu na shule, na kwenye maduka ya vituo vya daladala, mwenye duka akikubali. Weka QR, ile alama ya miraba inayosomwa kwa kamera ya simu, na iende kwenye ukurasa wa darasa. Ukubwa wake uwe sehemu moja ya kumi ya umbali wa msomaji: anayesimama mita moja anahitaji QR ya sentimita 10. Epuka zana za QR za majaribio ya bure, maana nyingine huisha muda baada ya siku chache na mabango yote yanakufa. Namba ya simu iandikwe kubwa pembeni, kwani wengi hawatascan.

Tangulia kalenda

Darasa la Saba hufanya mtihani Septemba, Kidato cha Nne Novemba, Kidato cha Sita Mei. NBAA ina mitihani Mei na Novemba. Utafutaji hupanda wiki kabla ya tarehe hizo na mara baada ya matokeo. Google nayo inachukua muda kuuzoea ukurasa, hivyo uchapishe miezi miwili au mitatu kabla. Ukurasa wa pre form one uwe hewani kufikia Julai, kwa kuwa wazazi wanaanza kuulizia watoto wakitoka tu kwenye chumba cha mtihani. Wa kurisiti uwe tayari Novemba, ili matokeo yakitoka Januari ukute umeshaorodheshwa. Uandike na tarehe za usajili kwa kuzichukua NECTA moja kwa moja, si kwenye posti ya kusambazwa.

Kusoma unachokiona

Mara moja kwa wiki fungua Search Console, upande wa utendaji. Ukurasa unaoonekana mara nyingi lakini haubofywi una tatizo la kichwa au maelezo mafupi yanayotokea chini yake kwenye matokeo: badilisha kimoja, subiri wiki tatu, tazama tena. Ukibadilisha vyote siku moja hutajua kilichosaidia. Ukurasa unaobofywa lakini hauleti ujumbe una tatizo ndani yake, na mara nyingi ni ada isiyoandikwa, saa isiyoeleweka, au kitufe kilicho chini kabisa. Misemo usiyoitarajia ikitokea kwenye orodha, kila mmoja unaweza kuwa video yako inayofuata.

Darasa likijaa usifute ukurasa. Andika juu kabisa "Nafasi zimejaa, kundi jipya linaanza" na tarehe, uache kitufe cha WhatsApp kwa wanaotaka kusubiri. Na ile namba iliyoko kwenye mabango, video na kurasa zote ihifadhiwe kwa laini ya peke yake yenye salio: laini ikikaa bila kutumika hufungwa, na namba inaweza kugawiwa mtu mwingine, ambaye ndiye atakayepokea simu za wazazi wako.